Misimu ya Uingereza, yaani maneno ya mitaani, kwa mgeni: uanze na ipi, uiache ipi

Unaweza kupata alama nzuri za IELTS, mtihani wa Kiingereza, ukatua Manchester na barua ya kazi mkononi, na zamu yako ya kwanza ikaisha hujaelewa nusu ya yaliyosemwa kwenye chumba cha mapumziko. Kiingereza tulichofundishwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ni cha vitabuni, na mtihani nao unapima hicho hicho. Bibi wa miaka themanini anayekuambia yuko "poorly", fundi anayetaka "fifty quid" na mwenzako anayelalamika kuwa yuko "knackered" hawaharibu Kiingereza. Wanasema Kiingereza cha nyumbani kwao, na hicho ndicho utakachoishi nacho.

Nimepanga mwongozo huu kwa uhitaji, si kwa alfabeti. Yanatangulia maneno ambayo usipoyaelewa utapoteza pesa, utachelewa kazini au mgonjwa wako ataumia. Ya vijana na ya kuchekesha yanakuja mwishoni. Na tangu sasa ushike jambo moja: masikio yatangulie, mdomo ufuate. Elewa mengi, tumia machache.

Hatua ya 1: Zoea salamu na shukrani

Salamu ya kila siku ni "You alright?", na mara nyingi inafupishwa kuwa "Alright?" tu. Anayekusalimu hivyo hakuulizi afya yako. Sisi jambo hili tunalijua tangu utotoni: ukiambiwa "Hujambo?" unajibu "Sijambo" hata kichwa kikiwa kinagonga, na ukiambiwa "Mambo?" unasema "Poa" hata kama mambo si poa hata kidogo. Basi jibu "Yeah, you?" au "Not bad, you?" na uendelee na safari yako. Usianze kueleza mgongo unavyouma. Lakini mtu akisimama, akakutazama usoni na kusema taratibu "Are you alright?", huyo anauliza kweli, na unaweza kumweleza. Dukani, muuzaji akikuambia "You alright there?" anataka kujua kama unahitaji msaada.

"Cheers" utaisikia kila saa. Kwenye glasi ni ya kutakiana heri, lakini kwa dereva wa basi, kwa mtu aliyekushikia mlango na kwa mwenzako aliyekupa kalamu maana yake ni asante. Hata kwaheri huwa wanaisema hivyo. "Ta" ni asante fupi zaidi. Usiichanganye na "ta-ra", ambayo ni kwaheri ya Birmingham, ya Wales na ya kaskazini mwa Uingereza. Na "see you later" ni kwaheri tu. Wala hamjapanga kuonana jioni, kwa hiyo usimsubiri mtu.

Kuna neno la heshima linalotuponza sana, nalo ni "sorry". Kwetu mtu akijikwaa tunasema pole, na kwa Kiingereza cha Afrika Mashariki pole hiyo tunaigeuza kuwa "sorry". Mwingereza akijikwaa ukamwambia hivyo atakushangaa, kwa sababu kwake umekiri kosa, na atakujibu kwamba si wewe uliyemwangusha. Muulize "You okay?" badala yake. Yeye mwenyewe atasema "sorry" anapokupita kwenye ngazi, na atasema "sorry?" kwa sauti ya kupanda akiwa hakukusikia. Hiyo ya pili ni ombi la kurudia.

Pia wanapunguza uzito wa sifa. Msimamizi akitazama kazi yako na kusema "not bad", furahi, kwani mara nyingi amependezwa kweli. Akisema "quite good", ujue bado kuna nafasi ya kuongeza juhudi.

Hatua ya 2: Jua uko mji gani

Orodha nyingi za misimu ya Uingereza zinakusanya maneno ya London, Glasgow na Newcastle kwenye kapu moja, na mgeni anabaki na maneno ambayo mtaani kwake hayasemwi kamwe. Usihangaike na nchi nzima. Jifunze mji wako.

Chukua mkate mdogo wa mviringo unaowekwa nyama katikati. Nottingham na Derby wanauita "cob", Manchester "barm", London "roll", na sehemu nyingine "bap". Watu wanabishana juu ya jina hilo kwa dhati kabisa, na ukitaja la mji mwingine utaulizwa umetokea wapi.

Yenye faida kubwa zaidi ni majina ya kuitana. Leicester, Nottingham, Derby na Stoke utaitwa "duck", uwe mwanamume au mwanamke, mara nyingi kwa "Ey up, me duck", yaani habari yako, mwenzangu. Newcastle utakuwa "pet", na mzee anaweza kukuita "hinny". Birmingham ni "bab". Scotland, mwanamke huitwa "hen". Yorkshire na Lancashire ni "love", kutoka kwa mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote. Bristol na kusini-magharibi utasikia "my lover" kutoka kwa muuza mboga ambaye hujawahi kumwona. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloashiria mapenzi. Ni namna yao ya kusema ndugu yangu, mama, kaka. Ndugu zetu wengi, hasa waliolelewa kwenye adabu ya shikamoo, wanashtuka au wanapata matumaini yasiyo na msingi. Vivyo hivyo herufi "x" mwishoni mwa ujumbe wa simu: inamaanisha busu, lakini Waingereza wengi, wanawake hasa, wanaiweka hata wanapomwomba mwenzao abadilishane zamu.

Ukiwa Scotland, "wee" ni dogo, nalo linabandikwa kwenye kila kitu. Lakini sehemu zote za nchi, mtu akisema "I need a wee" anataka kukojoa. "Messages" kwa Waskoti wengi ni mahitaji ya nyumbani, kwa hiyo aliyekwenda "for the messages" amekwenda dukani. "Bairn" ni mtoto, huko na kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Wales wana "now in a minute", ambayo maana yake si sasa wala si baada ya dakika moja; ni baadaye kidogo, akipata nafasi. Liverpool kitu kizuri ni "boss" na mtu mwema ni "sound". Yorkshire, "owt" ni kitu chochote na "nowt" ni hakuna kitu, na herufi moja hiyo inageuza maana ya sentensi nzima.

Njia ya kujifunza ni rahisi. Mtafute mwenzako wa kazini aliyezaliwa mji huo huo, ikiwezekana mwenye umri mkubwa, umwombe akutajie maneno kumi ambayo watu wa London hawayajui. Hakuna aliyewahi kukataa ombi hilo mbele yangu. Watu wanaipenda lahaja yao, na wengi watakupa thelathini.

Hatua ya 3: Pesa, saa na mlo

"Quid" ni pauni, na haina wingi: "one quid", "fifty quid". "Fiver" ni noti ya 5, "tenner" ni noti ya 10, "grand" ni 1,000. Peni hutajwa kwa herufi yake tu, "fifty p". Ukiwa London unaweza kusikia "score" kwa 20, "pony" kwa 25 na "monkey" kwa 500. Hizo ni za wacheza kamari na wauza magari, wewe zielewe tu. Aliyefulia ni "skint". Anayekuuzia kitu kwa "mates' rates" amekupunguzia kwa ajili ya urafiki.

Kwenye saa ndipo Mswahili anapotaabika kuliko wageni wengi. Mwingereza akikuambia zamu inaanza "half seven", amemeza neno "past" katikati. Anamaanisha 7:30, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Hapo una kazi mbili kichwani: kulirudisha neno lililomezwa, kisha kuondoa saa sita. Mjerumani kwenye zamu hiyo hiyo anaweza kuelewa 6:30, maana kwa lugha yake maneno kama hayo yanataja nusu saa iliyotangulia. Usikisie. Andika kwenye simu 07:30 au 19:30, umwonyeshe, umwulize kama ndiyo. "Fortnight" ni wiki mbili, na baadhi ya waajiri hulipa kwa hesabu hiyo. "Monday week" ni Jumatatu ya wiki inayofuata hii inayokuja. "Donkey's years" ni miaka mingi isiyohesabika.

Kuhusu mlo, kaskazini "dinner" ni chakula cha mchana na "tea" ni chakula cha jioni, chenye viazi na nyama. Ukikaribishwa "for your tea" huko, usile kabla ya kwenda. Kusini "tea" ni kikombe cha chai, labda na biskuti. Chai yenyewe ni "cuppa", au "brew" kaskazini, na ofisini au kwenye wodi kuna sheria isiyoandikwa: anayekwenda kujitengenezea huwauliza wenzake wote "Anyone want a brew?" Ukinywa za wenzako wiki nzima bila kutengeneza zako, watakusema, na watakuwa na haki. "Chippy" ni duka la samaki na chipsi. "Scran" ni chakula, Liverpool, Newcastle na Scotland. "Peckish" ni njaa kidogo. Na mzee akisema "I could murder a cup of tea", anaitamani sana, hakuna aliyetishiwa.

Hatua ya 4: Mwili na ugonjwa

Hapa nitakaa, kwa sababu ndugu zetu wengi wako kwenye hospitali na nyumba za kutunza wazee. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, na Waafrika Mashariki wengi walikuwa kwenye kazi hizo kabla ya hapo. Mgonjwa wa Kiingereza, hasa mzee, anaona haya kutaja sehemu za siri na haja zake, basi anazunguka.

Anza na neno dogo kuliko yote, "sick". Shuleni tuliambiwa ni mgonjwa. Uingereza, "I've been sick" maana yake nimetapika. Ukiandika kwenye kumbukumbu kwamba mgonjwa alisema anaumwa, wakati alikuambia ametapika mara tatu, umeacha habari ambayo daktari anaihitaji. Anayeumwa hujiita "ill" au "poorly", na "very poorly" ni mtu aliye katika hali mbaya. "Under the weather", "off colour" na "peaky" ni kutojisikia vizuri.

"Spend a penny" ni kwenda haja ndogo. Zamani milango ya vyoo vya umma ilikuwa na kufuli lililofunguka kwa kutumbukiza sarafu ya peni moja, na msemo umebaki ingawa kufuli zimekwisha. Mzee anayekuambia hivyo haombi pesa; mpeleke chooni upesi. "Number one" ni haja ndogo na "number two" ni kubwa. "Loo" ni choo, na ndilo neno la adabu unaloweza kulitumia popote. "Bog" ni la mitaani. "Waterworks" ni mfumo wa mkojo: swali "How are your waterworks?" linauliza kama unakojoa vizuri. "Back passage" ni njia ya haja kubwa, "down below" ni sehemu za siri. "The runs" na "the trots" ni kuhara. "Bunged up" kuna maana mbili, pua kuziba au choo kuwa kigumu, kwa hiyo muulize ni wapi.

"Ticker" ni moyo, na "dicky ticker" ni moyo wenye hitilafu. Lakini msemo ninaotaka kila mhudumu aujue kabla hajashika zamu ni "a funny turn". Mgonjwa anasema alipata "a funny turn" asubuhi, anatabasamu, anataka mazungumzo yaishie hapo. Hakuna la kuchekesha. Amepata kizunguzungu, au alizimia kidogo, au ulimi ulikuwa mzito kwa dakika chache, na inaweza kuwa dalili ya kiharusi au ya moyo. Muulize ilianza lini, ilichukua muda gani, uso na mkono vilikuwaje, aliweza kuongea? Kisha mwite muuguzi msimamizi. Vivyo hivyo "she's off her legs": hawezi tena kutembea kama jana, na sababu lazima itafutwe. "Off her food" ni hataki kula.

Ya kaskazini na katikati ya nchi ongeza haya: "mardy" ni mwenye kununa, "nesh" ni anayesikia baridi upesi, "mithered" ni aliyesumbuliwa. "Parky" na "nippy" ni baridi, mwongezee blanketi. "Kip" ni usingizi mfupi. "Knackered" ni kuchoka hoi bin taabani, na chanzo chake ni "knacker", mtu aliyenunua farasi waliozeeka ili awachinje. Usiliandike kwenye ripoti.

Kuhusu kifo, "passed away" ni la heshima, nalo utalitumia mbele ya familia. "Popped his clogs", "kicked the bucket" na "brown bread" yote ni kufa, kwa mzaha. Wanafamilia wenyewe wanaweza kuyasema. Mdomoni mwako yasitoke.

Unapoandika ripoti, weka maneno ya mgonjwa yalivyo ndani ya alama za kunukuu, kisha mbele yake uandike ulichothibitisha kwa kuuliza. Ukishindwa kuelewa, swali hili halimkasirishi mtu: "Can you tell me exactly what you mean by that?"

Hatua ya 5: Kazini

Bosi ni "gaffer". Kumaliza kazi ni "knock off". "Skive" ni kutega kazi, na "throw a sickie" ni kusingizia ugonjwa ili ubaki nyumbani. "Crack on" ni haya, tuendelee. "Sorted" ni tayari, limekwisha. "Faff about" ni kupoteza muda kwa mambo madogo.

Msomaji wa magazeti ya Kenya ajihadhari na "graft". Kwenye vichwa vya habari vya Nairobi neno hilo ni ufisadi. Uingereza "hard graft" ni kazi ngumu ya halali, na ukiitwa "a real grafter" umesifiwa kuwa mchapakazi. Nimeona watu wakijibu sifa hiyo kwa hasira.

"Get the sack" ni kufukuzwa. "Get your P45" ni vilevile, kwa sababu P45 ni karatasi ya kodi anayopewa mfanyakazi anapoacha kazi. "Cash in hand" ni kulipwa taslimu, na mara nyingi kodi haikatwi wala hakuna hati ya malipo. Ukiwa na viza ya kazi, malipo ya namna hiyo yanaweza kukuharibia mengi zaidi ya mshahara wa siku hiyo. Mtu akikuletea, kataa. Kwa jambo lisiloaminika kama hilo, la magumashi, neno lao ni "dodgy", na ni zuri kulijua: "dodgy landlord", "dodgy email", "dodgy chicken".

Hatua ya 6: Jifunze namna maneno yanavyoundwa

Ukishajua kanuni, mengi utayafungua mwenyewe. Wanakata neno na kulitia mkia wa sauti ya "i": "breakfast" inakuwa "brekkie", "present" inakuwa "prezzie", "television" ni "telly", "umbrella" ni "brolly", na mabuti ya mvua, "wellingtons", ni "wellies".

Kisha kuna vina vya mashariki mwa London. Mtindo huu ulikuwapo tayari katikati ya karne ya 19. Kamusi ya misimu ya John Camden Hotten ya 1859 inauzungumzia. Wanachukua maneno mawili yanayofanya kina na neno lililokusudiwa, halafu mara nyingi wanalidondosha la pili, lile lenye kina. "Butcher's hook" ina kina na "look", basi "have a butcher's" ni tazama. "Loaf of bread" na "head": "use your loaf", tumia akili. "Porky pies" ina kina na "lies", yaani uongo, na husemwa "porkies". "Ruby" ni mchuzi wa kari, kutokana na Ruby Murray, mwimbaji wa Belfast aliyevuma miaka ya 1950. Yanayosemwa bado kila siku si mengi. Hayo uliyoyasoma yanakutosha.

Kundi linalonigusa zaidi ni la maneno yaliyorudi na askari kutoka India na nchi za Kiarabu, kwa sababu mengine ni ndugu wa maneno yetu. "Blighty", jina la mapenzi la Uingereza walilolitumia askari wa Vita Kuu ya Kwanza, linatokana na Kiurdu "vilayati", na mzizi wake ni wilaya ya Kiarabu, mzizi ule ule uliotupa Ulaya. "Shufti" ni kutazama, Kiarabu cha Misri. "Pukka" ni halisi, safi, na "cushy" ni kazi ya raha, yote mawili kutoka India. Lakini "bint" ni mtego. Kwetu kumwita msichana binti ni adabu. Uingereza "bint" ni neno la dharau kwa mwanamke. Usilitamke ukidhani umekutana na Kiswahili.

Na usitegemee sinema za Marekani. "Pants" Uingereza ni chupi, suruali ni "trousers". "Pissed" ni amelewa. Aliyekasirika ni "pissed off". "Rubber" ni kifutio cha penseli. "Fag" ni sigara, ingawa Marekani ni tusi zito. "Fanny" ni sehemu ya siri ya mwanamke, kwa hiyo mkoba wa kiunoni usiuite kwa jina lake la Kimarekani, "fanny pack".

Hatua ya 7: Tofautisha utani na tusi

Waingereza wana "banter", na aliyekulia Tanzania anazo nyenzo za kuielewa. Mpare na Mchaga wanaweza kuambiana maneno makali msibani na hakuna anayechukia, kwa kuwa ni watani. Kazini Uingereza utani huo hauna ukoo unaoulinda. Unajengwa kwa kuzoeana, na mgeni hana haki nao siku ya kwanza. Sikiliza nani anamtania nani. "Taking the mickey" ni kumtania mtu; "taking the piss" ni hilo hilo kwa ukali zaidi, au kumtumia mtu vibaya, kama mwenye nyumba anayepandisha kodi bila sababu.

"Muppet", "plonker", "wally", "prat" na "numpty" la Scotland ni mjinga wa kupendwa, anayesahau funguo. Kwa matusi halisi kuna kipimo kizuri: Ofcom, mamlaka ya utangazaji, imewahi kuwahoji wananchi kuhusu ukali wa maneno. "Bloody", "git" na "bugger" yalionekana mepesi, "bollocks" la kati, "wanker" kali. Makali kabisa televisheni haiyarushi kabla ya saa tatu usiku. Kipimo hicho kitumie hivi: mepesi yaelewe na usiyaseme mbele ya wagonjwa, watoto na wazee, ya kati na makali yaache kabisa mpaka uwe na marafiki wa miaka.

Maneno ya ubaguzi wa rangi hayamo kwenye utani, hata msemaji akicheka na kusema "only banter". Andika tarehe, saa, maneno yenyewe na waliosikia, umpelekee msimamizi. Ukitishiwa mtaani, polisi wanapatikana kwa 101, na kwa hatari ya papo hapo ni 999.

Hatua ya 8: Vijana, na hasa watoto wako

Mwanao akisoma London au Birmingham ataleta nyumbani Kiingereza kingine. Wanaisimu wanakiita Multicultural London English, na kimekua kwenye mitaa ya wahamiaji. Msingi wake mkubwa ni Kijamaika; meli ya Empire Windrush ilifika Tilbury Juni 1948, na wajukuu wa kizazi hicho walikua mitaani pamoja na watoto wa Kibengali, Kinigeria, Kisomali na Kituruki. Ndiyo maana utamsikia mtoto wa Kiingereza asiye Mwislamu akiapa "wallahi" kama mtu wa Tanga.

"Wagwan" ni vipi, niaje. "Bruv" na "fam" ni mwanangu. "Bare" ni kibao: "bare people", watu kibao. "Ends" ni kitaa. "Mandem" ni wana, machalii. "Garms" ni pamba za kuvaa, "creps" ni raba. "Peng" ni mrembo au kitu kitamu. "Long" ni jambo linalochosha, "peak" ni bahati mbaya, "allow it" ni achana nayo. "Wasteman" ni mtu wa hovyo. "Feds" ni polisi. "Innit" imetoka kwa vijana na sasa ni ya wengi, inabandikwa mwisho wa sentensi yoyote, kama sisi tunavyosema "sivyo?"

Wazazi wengi wanasikia maneno haya na kudhani mtoto ameingia genge. Ni lugha ya rika, kama Sheng ya Nairobi, na mtoto anayeizungumza uwanjani anaweza kuandika insha safi darasani. Mfundishe tu kubadili anapomfikia mwalimu au mwajiri, kama unavyomfundisha kumwamkia babu kwa Kiswahili cha heshima. Wewe usiige. Mzazi anayesema "wagwan, fam" mezani atamfanya mtoto ainuke na sahani yake.

Hatua ya 9: Fungua mdomo

Baada ya miezi michache, anza na haya ambayo hayamkeri mtu popote: "cheers", "ta", "cuppa", "quid", "loo", "telly", "knackered" kwa wenzako, "chuffed" ukifurahi sana, "gutted" ukivunjika moyo timu yako ikifungwa. Ongeza la mji wako moja moja. Usimwite mgonjwa mzee "love" wala "duck" hata kama yeye anakuita hivyo; mwanzo mwite Mr au Mrs na jina la ukoo, umwulize "What would you like me to call you?" na ufuate atakachosema. Kwenye usaili wa kazi, barua pepe kwa ofisi ya viza na mahakamani, misimu yote ibaki nje.

Weka daftari dogo au ukurasa kwenye simu. Andika neno, nani alilisema, umri wake, mji, na lilisemwa kwa hasira au kwa kicheko. Neno ulilolisikia mara moja kutoka kwa mtu mmoja liache lipumzike. Ukilisikia kwa watu watatu tofauti, akiwamo mmoja wa umri wako, unaweza kulijaribu.